Maswali ya Wasomaji: Ngome na Vijiji vya Kale Kati ya Mizabibu ya Ufaransa

Barua nyingi tulizopokea zinahusu vijiji vya Enzi za Kati vilivyozungukwa na mashamba ya mizabibu nchini Ufaransa. Tumeyajibu maswali yaliyojirudia zaidi. Saa zote tumezitaja kwa hesabu ya Kiswahili.

Nililipia ziara ya "château" karibu na Bordeaux nikitegemea minara na handaki. Nilikuta nyumba ya kawaida, banda la mapipa na mizabibu hadi jicho linapoishia. Je, niliuziwa mbuzi kwenye gunia?

Hapana, ni neno lenyewe lenye maana nyingi. Kiswahili kinatenganisha ngome na kasri. Kifaransa huviita vyote viwili château, na huko Bordeaux neno hilo limepata maana ya tatu: shamba la mizabibu lenye mahali pake pa kutengenezea mvinyo. Neno hilo likiandikwa kwenye lebo ya chupa linahusu zabibu zilikotoka na mvinyo ulikotengenezwa. Halimlazimishi mwenye shamba kuwa na mnara hata mmoja.

Kabla ya kulipa, soma maelezo ya Kifaransa hata kama hukijui. Ukiona château fort, forteresse, donjon (mnara mkuu), remparts (kuta za mji) au ruines (magofu), unaenda kuona ngome. Ukiona dégustation, vignoble au chai, unaenda kuonja mvinyo. Hiyo chai haihusiani na kinywaji chetu. Hutamkwa "she", nayo ni ghala la mapipa lililojengwa juu ya ardhi.

Mtego wa pili uko bonde la mto Loire. Chambord iliyoanza kujengwa mwaka 1519, Azay-le-Rideau na Chenonceau ni makasri ya karne ya 16, yaliyojengwa kwa fahari na starehe baada ya Enzi za Kati kupita. Ni mazuri mno, lakini kama unachotafuta ni ngome ya vita, katika bonde hilohilo nenda Angers yenye minara 17, Loches yenye mnara mkuu wa karne ya 11 unaofika mita 36 hivi, au Chinon, mahali Jeanne d'Arc, msichana aliyeongoza Wafaransa vitani, alipokutana na Charles VII, mrithi wa kiti cha mfalme, mwaka 1429.

Tuko wawili, tuna siku tano, na hatutaki kuendesha gari. Tuchague eneo gani?

Chagueni Alsace, eneo la mashariki mpakani na Ujerumani, mlale mji wa Colmar. Ndilo eneo pekee kati ya tunayoyataja hapa ambalo tungelipendekeza bila kusita kwa mtu asiye na gari. Njia ya Mvinyo ya Alsace ilifunguliwa mwaka 1953 na ina urefu wa kilomita 170 hivi, kutoka Marlenheim hadi Thann, chini ya milima ya Vosges. Vijiji vimekaribiana, mara nyingi kilomita mbili au tatu tu, na juu ya vingi vyake kuna gofu la ngome. Milima hiyo huzuia mvua inayotoka magharibi, kwa hiyo Colmar ni mmoja wa miji mikavu zaidi Ufaransa. Jua la hapo liliivisha zabibu, zabibu zikaleta fedha, na fedha ndizo zilizojenga kuta mtakazozitembelea.

Treni ya mwendo kasi, TGV, kutoka stesheni ya Gare de l'Est, Paris, hufika Colmar kwa muda wa saa mbili na nusu hivi ikiwa haibadilishwi njiani. Kutoka Strasbourg ni nusu saa kwa treni ya kawaida.

Anzeni na Eguisheim, kilomita saba hivi kutoka Colmar, safari rahisi kwa baiskeli ya kukodi. Mitaa yake inazunguka kama pete kuzifuata kuta za zamani. Ingieni rue du Rempart na mzunguke mpaka mrudi mlipoanzia, kisha ndipo mwende uwanja wa katikati. Watu wengi hufanya kinyume: hupiga picha uwanjani wakaondoka bila kuuona mtaa wenye sura halisi ya kijiji. Juu mlimani mtaona minara mitatu ya mawe mekundu. Ngome hizo zilichomwa mwaka 1466 katika vita vilivyotokana na deni la mfanyakazi wa kinu cha unga, deni la sarafu sita.

Siku ya pili nendeni Kaysersberg kwa basi. Kuna daraja la mwaka 1514 lenye ukuta wa kujikinga juu yake, na njia fupi ya kupanda hadi gofu na mnara wake wa duara. Hapa ndipo alipozaliwa, mwaka 1875, Albert Schweitzer, daktari aliyeanzisha hospitali ya Lambaréné nchini Gabon.

Siku ya tatu ndiyo tamu kuliko zote, na ni ya miguu. Chukueni basi la asubuhi hadi Riquewihr. Utazameni mnara wa Dolder wa mwaka 1291 kutoka pande zote mbili: upande unaoelekea nje ni jiwe tupu la kumkabili adui, upande unaoelekea mjini ni mbao na madirisha ya watu kuishi. Kisha piteni katikati ya mizabibu kwa kilomita mbili hivi hadi Hunawihr, ambako kanisa limezungushiwa ukuta wa ngome wenye vituo sita vya walinzi. Wanakijiji walikimbilia humo vita vilipokuja. Kutoka hapo hadi Ribeauvillé ni mwendo wa chini ya saa moja. Mkiwa na nguvu bado, pandeni hadi ngome tatu zilizo juu ya mji. Ya kwanza, Saint-Ulrich, iko mita 528 juu ya usawa wa bahari, yaani kupanda karibu mita 300 kutoka mjini, na Haut-Ribeaupierre iko mita 642. Tengeni saa tatu za kwenda na kurudi, na kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji. Kwenye magofu kuna kingo zisizo na uzio, na jiwe hulegea baada ya baridi kali. Mahali palipofungwa kwa kamba au bango, msipite.

Siku ya nne ni ya ngome ya Haut-Koenigsbourg. Shukeni treni Sélestat, na katika msimu wa wageni kuna basi dogo linalopanda kutoka stesheni hadi ngomeni. Siku ya tano ichukulieni kama akiba. Mvua ikiwa haikuwaharibia siku yoyote, nendeni Bergheim mzunguke kuta zake, ambazo zimebaki karibu zote.

Safari hii huharibikia kwenye mabasi. Ratiba zina safu mbili, période scolaire (shule zikiwa zimefunguliwa) na vacances scolaires (likizo), na basi mliloliona kwenye safu moja huenda halimo kwenye nyingine. Jumapili na sikukuu mabasi ni machache mno au hayapo kabisa. Tafuteni ratiba ya mtandao wa mkoa unaoitwa Fluo Grand Est, mwandike saa ya basi la mwisho la kurudi kabla ya kutoka hotelini, na siku ya ngome ya Haut-Koenigsbourg msiiweke siku ambayo hamna njia ya pili ya kushuka.

Mwongozaji mmoja alituambia kila tulichokiona ni cha karne ya 13. Mwingine akasema nusu yake ni ya juzi. Tutajuaje wenyewe?

Anzeni na jiwe. Kwenye ngome za Vosges za miaka ya 1200 mtaona mawe ambayo kingo zake zimechongwa zikanyooka lakini tumbo lake limeachwa limetuna. Mengi yana tundu dogo katikati ya uso. Hapo ndipo jino la koleo la winchi liliposhika jiwe likiinuliwa. Ukuta wenye mawe ya namna hiyo chini, kisha mawe laini yasiyo na tundu juu, umejengwa au kutengenezwa kwa awamu mbili. Wekeni vidole kwenye mstari yanapokutana.

Halafu mlango. Mlango wa mnara mkuu wa kale uko mita kadhaa juu ya ardhi, kwa sababu uliingiwa kwa ngazi ambayo walioko ndani waliivuta juu. Mkiingia mnara kwa miguu kutoka usawa wa ardhi, yaelekea mlango huo ulitobolewa baadaye ili watu wapate njia rahisi.

Kisha matundu ya kupigia. Ufa mwembamba uliosimama ni wa mishale. Tundu la duara, peke yake au chini ya ufa huo, ni la bunduki au mzinga, na hilo linawapeleka mwishoni mwa karne ya 14 au baadaye. Kuta fupi na nene kupindukia nazo zinasema hivyohivyo, kwa sababu mzinga uliufanya urefu wa ukuta kuwa hasara.

Haut-Koenigsbourg ni darasa zuri kwa hili. Imetajwa katika maandishi tangu 1147. Ilipewa ukoo wa Tierstein mwaka 1479, nao wakaongeza maboma mazito ya kupambana na mizinga. Waswidi waliizingira siku 52 na kuiteketeza mwaka 1633. Ikabaki gofu hadi mji wa Sélestat ulipomkabidhi Kaisari Wilhelm II mwaka 1899, maana Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani wakati ule, na msanifu Bodo Ebhardt akaijenga upya kati ya 1900 na 1908. Kwa hiyo waongozaji wenu wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Tunawashauri msiidharau kwa kuwa imejengwa upya. Jiko, kisima, ngazi za mzunguko na daraja la kuinua vinaonyesha ngome ilivyofanya kazi, jambo ambalo gofu haliwezi kumwonyesha mtu asiyejua pa kutazama. Kwa sababu hiyo, mabasi yakiruhusu, tunapendelea mgeni aione hii kabla ya kupanda kwenye magofu, ingawa kwenye mpango wa siku tano hapo juu tumeiweka siku ya nne.

Carcassonne, kusini, katikati ya mashamba ya mvinyo ya Languedoc, ni vilevile: kuta mbili zenye jumla ya kilomita tatu na minara 52, zilizokarabatiwa kuanzia 1853 chini ya msanifu Viollet-le-Duc. Paa zake zilizochongoka za mawe meusi membamba zilipingwa sana, kwa kuwa eneo hilo huezeka kwa vigae vyekundu visivyo na mwinuko mkali. Kuingia ndani ya kuta ni bure. Tiketi ni ya ngome ya ndani, Château Comtal, na ya kupita juu ya kuta.

Nyumba nazo zina siri yake. Zile za mbao mnazozipiga picha Alsace, fremu ya mwaloni iliyojazwa fito na udongo wa kukandika, nyingi ni za karne ya 16 na mwanzo wa ya 17, mvinyo ulipokuwa ukiwatajirisha watu kabla ya Vita vya Miaka Thelathini kuanza mwaka 1618. Tazameni juu ya mlango: mara nyingi mwaka umechongwa, pamoja na alama ya kazi ya mwenye nyumba, kama kisu kilichopinda cha kupogolea mizabibu au nyundo ya mtengeneza mapipa. Kwenye maungo ya mbao tafuteni mikato midogo kama namba za Kirumi. Fundi seremala aliipanga fremu nzima chini kwanza, akatia namba, akaifungua, kisha akaisimamisha mahali pake. Rangi ya ukuta isiwadanganye, hupakwa upya kila mara.

Mama yangu ana magoti mabovu. Tunaweza kumchukua?

Mchukueni, ila chagueni kijiji kwa mteremko wake badala ya sifa zake. Eguisheim ni tambarare ingawa mawe ya barabara yana mabonde madogo, na barabara kuu ya Kaysersberg inapitika vizuri. Chinon ina lifti ya kutoka mjini hadi karibu na ngome. Monpazier, katika eneo la Dordogne, kusini-magharibi, ulipimwa kwa kamba mwishoni mwa karne ya 13 kwa amri ya mfalme Edward I wa Uingereza: mitaa iliyonyooka juu ya uwanda, na uwanja wenye baraza za kukaa kivulini. Waepusheni wazee na vichochoro vya Saint-Émilion, mji wa mvinyo karibu na Bordeaux, vinavyoitwa tertres, ambavyo ni mwinuko mkali wa mawe yanayoteleza hata siku kavu. Haut-Koenigsbourg ni ngazi juu ya ngazi. Mzee asiyeziweza asiahidiwe. Fimbo yenye mpira chini husaidia zaidi kuliko viatu vya bei kubwa.

Watoto wetu hawajali kuta. Wanataka silaha.

Wapelekeni ngome ya Castelnaud, juu ya mto Dordogne. Ndani kuna jumba la makumbusho la vita vya Enzi za Kati, na nje kuna mitambo ya kurushia mawe iliyotengenezwa upya kwa ukubwa wake kamili. Ng'ambo ya mto inaonekana ngome ya Beynac, ambayo ilikuwa upande wa pili katika Vita vya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza. Mkielekea mji wa Bergerac, shukeni Monbazillac, ngome ya karne ya 16 iliyozungukwa na mizabibu ya mvinyo mtamu. Zabibu zake huachwa zishikwe na ukungu unaozikausha hadi sukari inajikusanya.

Tumekodi gari. Mtu anayeonja mvinyo kijiji kwa kijiji anaweza kuendesha?

Anaweza akitema. Tufanye hesabu. Kikombe cha kuonja huwa na sentilita 4 hivi. Onja tano ni sentilita 20 za mvinyo wa asilimia 13, yaani gramu 20 hivi za kilevi, sawa na glasi mbili kamili za baa. Kikomo Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, na kwa dereva mwenye leseni ya majaribio ni 0.2. Kwa mtu mdogo wa mwili, kituo kimoja cha kumeza chote kinaweza kumfikisha mpakani au hata kumvusha, na cha pili kinamvusha kwa hakika. Kikomo hicho kinamhusu na mwendesha baiskeli pia.

Kwenye meza kuna chombo kinachoitwa crachoir. Kutema humo ni jambo la heshima kabisa, wataalamu wote hufanya hivyo. Ombeni kuanza na mvinyo mkavu na kumalizia na mtamu. Mkigeuza, mkavu utaonekana mchungu. Lebo za Alsace, tangu mavuno ya 2021, hutaja utamu: sec ni mkavu, demi-sec umeegemea utamu kidogo, moelleux ni mtamu, na doux ni mtamu sana. Kwenye shamba dogo pigeni simu siku moja kabla, na msifike kati ya saa sita na saa nane mchana, wakati familia iko mezani.

Barabarani, hatari iliyojificha vijijini ni kanuni ya priorité à droite: pasipo na alama, anayetoka kulia kwako ana haki ya kupita, hata kama anatoka kichochoroni. Leseni iliyotolewa nje ya Ulaya na isiyoandikwa kwa Kifaransa iambatane na kibali cha kimataifa au tafsiri rasmi.

Mimi siywi pombe kabisa. Kuna maana ya kwenda?

Ipo, tena kubwa. Ngome hazihitaji glasi. Hata shambani, sema mwanzoni kabisa, kabla chupa haijafunguliwa: "Je ne bois pas d'alcool." Hakuna atakayeshangaa. Uliza kama wana jus de raisin, juisi ya zabibu. Wazalishaji wengi huwa nayo. Omba kuonyeshwa mashine ya kukamulia na ghala la chini. Ukiwa Bourgogne, nenda Clos de Vougeot, ambako watawa wa Cistercian waliuzungushia ukuta shamba la hekta 50 hivi na mashine zao kubwa za mbao za kukamulia bado zimesimama.

Tulifika Saint-Émilion tukakuta kanisa la chini ya ardhi limefungwa. Lipo wazi lini?

Haliingiwi ovyo, ni kwa ziara yenye mwongozaji tu, na tiketi hutolewa na ofisi ya utalii. Wekeni nafasi mapema, mwulize na lugha ya ziara. Kanisa hilo lilichongwa ndani ya mwamba mmoja wa chokaa kuanzia karne ya 12, na mnara mzima wa kengele umelalia juu yake. Chokaa kikilowa hupungua nguvu, ndiyo maana mtaona nguzo zimefungwa kwa vyuma. Kupanda mnara ni ngazi 196. Treni kutoka Bordeaux huchukua dakika 35 hivi, halafu kuna mwendo wa karibu nusu saa kwa miguu katikati ya mizabibu, pasipo kivuli. Bebeni kofia.

Mwezi gani ni bora?

Mei na Juni kwa wanaopenda kutembea. Septemba na mwanzo wa Oktoba vijiji huchangamka kwa mavuno, lakini huo ndio wakati njia za kupita mizabibuni hufungwa kwa wageni ili wageni wasichume zabibu, na ili matrekta yapate kupita. Mwenye shamba naye hana muda wa kuwahudumia. Mkiona bango, rudini barabarani, na zabibu moja msiichume: hayo ndiyo mapato yake ya mwaka. Agosti ni joto na msongamano. Desemba kuna masoko ya Krismasi Alsace, na Jumamosi mchana katika Riquewihr hutaweza hata kugeuka. Njooni Jumanne asubuhi, au laleni humohumo kijijini. Kwa wanaorudi na chupa: moja iliyojaa ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5, na haiingii kwenye mzigo wa mkononi. Sita ni karibu kilo 8 za sanduku lako, kwa hiyo lipime kabla ya kununua.